Kipande cha Kitenge kwenye Gauni la Malkia Foklifti

Mwanamume akivaa hipsi za sponji, mpime baada ya kuzivaa, si kabla. Andikeni hilo kwanza, wanangu. Mengine yote nitakayowaambia mnaweza kuyasahau. Mimi mwenyewe nusu nimeshayasahau, na nusu iliyobaki nimeitia chumvi mpaka imekauka kama papa.

Mimi ni Fundi Rajabu. Nimezaliwa Tanga, naishi Bankstown, na nimestaafu kazi ya kushona mavazi ya filamu na majukwaa ya Sydney baada ya miaka mingi ya kumeza pini. Nasema kumeza; daktari alidai hajaona hata moja kwenye picha, lakini daktari hajui zinavyojificha. Cheti changu cha shule ya jioni ya ushonaji kimetundikwa sebuleni, usawa wa macho, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa hata akiingilia dirishani. Niliingia darasa lile nikiwa na miaka arobaini na sita, nikitoka kazini Wetherill Park na vumbi la ghala masikioni, nikaketi katikati ya mabinti wa miaka kumi na tisa. Nilimaliza wa kwanza. Kweli tulibaki watatu, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Sasa ninyi mnaosomea ushonaji, na ninyi wa chuo kikuu kule Kensington mnaoishi sita kwenye nyumba ya watu watatu, kila Idi mnaniuliza, "Babu, is it true ulishona nguo za madragi?" Haya, kaeni. Jibu ni ndiyo. Nitasimulia kwa Kiswahili, ninyi itikieni kwa Kiingereza chenu kama kawaida.

Dragi, kwa asiyejua, ni mwanamume anayepanda jukwaani amevaa kike kuwashinda wanawake wote: wigi hadi dari, kope kama ufagio. Anaimba, anachekesha, anakusema wewe uliyekaa mbele mpaka unatamani ungekaa maegesho. Hapa Sydney ni kazi, tena kazi ya jasho. Wengi wao ni wanaume wenye wapenzi wanaume, na filamu nilizoshonea hazikulificha hilo. Nimeshona tatu za aina moja: madragi wanapanda gari, wanaondoka Sydney, wanaingia bara kwenye vumbi jekundu, gari linawafia njiani, wanakutana na wenyeji, vituko vinafuata, mwishoni watu wanapendana. Vichekesho vya safari. Ukishona moja unadhani umeshona zote. Wapi!

Aliyenifunza kazi ni Noreen, mkuu wa mavazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tingatinga. Aliniita Raj, alikata jina langu kama anavyokata uzi. "Raj," alisema siku ya kwanza, "nguo ya malkia haishonwi ipendeze. Inashonwa idumu. Kupendeza ni kazi ya malkia mwenyewe." Basi nikajifunza. Zipu ya mgongoni iwe ya chuma, na ndani yake uweke ulimi wa kitambaa isije ikang'ata ngozi. Kwapani usitie shanga hata moja, maana shanga za kwapani hukwangua mkono mpaka mtu anaimba wimbo usiokuwamo kwenye filamu. Gundi marufuku kabisa. Jua la bara likilala ndani ya gari, gundi inayeyuka. Niliwahi kuona manyoya mia mbili yakimtoka mvaaji kwa mpigo mmoja, akabaki kama kuku aliyetiwa maji ya moto. Hiyo si chumvi. Labda yalikuwa mia.

Kwenye filamu ile ya kwanza hakukuwa na dragi hata mmoja. Walikuwa waigizaji wa kawaida tuliowavalisha magauni, na kichekesho kilikuwa kilekile saa nzima na nusu: kisigino kinazama kwenye matope, wigi linaruka, mkulima anaangua kicheko. Noreen alinivuta nyuma ya kamera. "Tazama kicheko kinaelekea wapi," akaninong'oneza, na kunong'ona kwake kulisikika barabara ya pili. "Kikimwendea aliyevaa gauni, mimi na wewe tumeshona nguo za mzaha. Kikitoka kwake kwenda kwa wengine, tumeshona nguo za kifalme." Nilidhani ni maneno ya wakati wa chai. Ilipofika filamu ya tatu, Noreen ameshastaafu na mimi ndiye mwenye futi shingoni, nikakutana na mtu aliyenionyesha maana yake.

Alikuwa kijana wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, jina lake Espoir. Siku za kazi aliendesha foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, kwenye ghala la Wetherill Park. Jukwaani aliitwa Malkia Foklifti: anarudi nyuma kwa visigino vya inchi saba, analia tiit, tiit, tiit, kisha anamwinua mzee wa watu na kiti chake na kumpanga meza nyingine. Dairekta wa filamu, binti mwembamba aliyekula karoti kutwa, alimwona akamchukua, yeye na wenzake wawili, madragi wa kweli wote watatu. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: wanasafiri na gari la aiskrimu kutoka Sydney kwenda mji mmoja wa bara, ambako wamealikwa kimakosa kuwa majaji wa keki kwenye maonyesho ya kilimo.

Siku ya kusoma mswada mezani, Espoir aliinua mkono. "Ukurasa wa arobaini napigwa nyuma ya kituo cha petroli."

"Ndiyo," dairekta akasema, "halafu mji mzima unakuonea huruma na kukukubali."

"Kwa nini lazima nipigwe ndipo nipendwe? Keki yangu haitoshi?"

Karoti ilisimama hewani. Ukurasa ule ukatolewa, na mahali pake Malkia Foklifti akapewa ugomvi wa keki ya ndizi na mke wa mwenyekiti wa maonyesho. Ndiyo sehemu inayochekesha kuliko zote. Nimeitazama mara mia nne, na kila mara kicheko kinatoka kwa Malkia kinamwendea mtu mwingine. Noreen alisema kweli.

Ukurasa wa mwisho wa mswada, mama mtu anamkumbatia mwanawe dragi, muziki unapanda, dakika mbili, kwisha. Huo Espoir hakuupinga. Alicheka tu, kicheko kifupi. "Dakika mbili? Mama yangu mimi, dakika mbili bado anatafuta miwani."

Nilimpimia gerejini kwangu. Sasa sikilizeni nilivyokosea, maana ni kosa la fundi wa Tanga hasa. Kwetu, mwanamume anayeshonea wanawake hujifunza kupima kwa adabu: futi haimkumbatii mtu, unaishika mbali kidogo, mengine unayamaliza kwa jicho. Nilikuwa na jicho kali mpaka watu walisema naweza kumpima bibi harusi kwa kusikia tu hatua zake. Basi nikampima Espoir kwa adabu zote hizo, amesimama na fulana yake ya kazini na viatu vya chuma, mwembamba kama mpini wa jembe. Nikaandika. Sikukumbuka kuuliza Malkia Foklifti anakuja na hipsi gani.

Tukiwa tunapima ndipo akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Mudogo wangu Grâce anaolewa mwezi kesho. Nimeona kwa simu ya watu. Mi sikuitwa."

Pini zilinikauka mdomoni. Kwa sababu nyuma yake, juu ya meza, chini ya shuka, kulikuwa na bunda zima la kitenge cha arusi hiyohiyo.

Mama yake alikuwa mteja wangu. Mwanamke mrefu, mkali, mcheshi akitaka, kazi yake kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Mnajua kwamba kwa Wakongo, kama kwetu, mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Huyu alikuwa Mama Espoir kwa miaka ishirini na saba. Kisha mtu mmoja akamwonyesha video ya Malkia Foklifti. Jumapili iliyofuata alisimama mlangoni pa kanisa akamwambia kila aliyepita kwamba kuanzia leo anaitwa Mama Grâce, kwa jina la binti yake, mtoto wa pili. Watu wakafuata. Miaka miwili ilikuwa imepita, na mama na mwana hawajasemezana.

Sasa arusi ya Kikongo ina kitambaa cha familia. Sisi tunaita sare, lakini sare yetu hata jirani anaweza kununua akavaa. Kile cha familia mama ndiye anayekigawa, na siku ile ukumbini huhitaji kuuliza nani ni wa nyumba: tazama nani amekivaa. Mama Grâce aliniletea kitenge cha buluu na machungwa, chenye ndege wakubwa waliotanua mabawa, pamoja na vipimo vya watu saba. Vya Espoir havikuwamo.

Fundi ni kama daktari. Ya huyu hayapeleki kwa yule. Nikafunga mdomo, nikaendelea kushona gauni la kijana kwa satini ya machungwa asubuhi na kitenge cha mama yake jioni, kwenye cherehani moja.

Ikafika siku ya kujaribu. Espoir akaja na begi kubwa kama la mtu anayehama nchi. Ndani mlikuwa na koseti ya kubana kiuno, matiti, na hipsi za sponji zilizochongwa kwa kisu cha mkate, kazi nzuri sana. Akavaa vyote. Nikamwingiza kwenye gauni. Gauni likafika kiunoni likagoma. Nikavuta. Yeye akavuta pumzi. Tulivutana mpaka majirani wakadhani nachinja. Pengo la kiganja kizima kila upande.

"Fundi," akasema taratibu, "hii gauni ni ya mguu wangu moja."

Satini ilikuwa imekwisha, na dukani hakukuwa na nyingine ya rangi ile. Nikampigia Noreen simu. Alicheka dakika kumi na moja, nilihesabu, kisha akakata bila kunishauri lolote. Picha zinaanza siku tatu zijazo. Nikakaa nikitazama meza. Pale pembeni yalikuwapo mabaki ya kitenge cha Mama Grâce, buluu na machungwa, rangi zikiita satini kwa jina.

Mnajua sifa za mafundi. Ukimpelekea yadi sita, unarudishiwa gauni na salamu, mabaki hayaulizwi. Nilikata vipande viwili virefu, kutoka kwapani hadi pindoni, nikavichomeka kila ubavu. Nilijipa hoja nzuri nzuri: gauni litapigwa picha bara, kilomita elfu kutoka hapa. Mama Grâce hatazami filamu za Wazungu. Nani atajua?

Mke wangu Bi Zaina aliingia na chai. Akatazama gauni, akatazama meza.

"Rajabu, hicho kitambaa cha Mama Grâce."

"Ni mabaki."

"Mabaki yana mwenyewe," akasema, na chai akaondoka nayo.

Gauni lilitoka la kupofusha. Dairekta alipoliona aliangusha karoti. Espoir alijigeuza mbele ya kioo akapapasa ubavu. "Kitambaa kama ya nyumbani hii," akasema. Hakujua ni cha nani, nani angemwambia? Na mimi, wanangu, nilipata wasaa mzuri kabisa wa kusema ukweli, nikautumia kutafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwangu.

Kisha bara kukanyesha. Miaka yote bara inalia ukame, wiki ile ikaamua kuoga. Barabara zikafungwa, ratiba ikapinduliwa, na dairekta akatangaza tuanze na sehemu ya kuondoka Sydney, tuipige papa hapa mjini Jumanne saa sita mchana. Wapi? Maegesho ya magari kando ya maduka ya Bankstown. Arusi ya Grâce ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Niliomba mvua ihamie Bankstown. Jua likatoka kama limelipiwa.

Basi picha iko hivi. Gari la aiskrimu la waridi linacheza muziki wake. Madragi watatu wanapakia masanduku. Nusu ya Bankstown imesimama nyuma ya kamba: akina mama wa Kilebanoni na vikapu vyao, wazee wa Kivietinamu, watoto wanauliza aiskrimu iko wapi. Wanapiga mara ya kwanza, vizuri sana. Malkia Foklifti anainua sanduku, anageuka, ndege wa kitenge wanang'aa ubavuni kama taa. Na katikati ya watu naona sare ya kazi ya nyumba ya wazee, yenye beji kifuani. Ni Mama Grâce na toroli lake lenye majani ya mihogo ya kugandishwa.

Hakumtazama mtu. Alitazama kitambaa. Kamba aliivuka kama haipo.

"Fundi! Weye fundi! Kitambaa yangu inafanya nini kwa matako ya huyu madame?"

Kijana wa usalama akasema, "Ma'am, we're filming." Mama akampa toroli alishike, naye akalishika. Akamfikia Malkia Foklifti, ambaye kwa visigino na wigi alikuwa na urefu wa nguzo ya umeme, akakamata ubavu wa gauni kwa vidole viwili.

"Na weye, madame, huna haya? Hii ni pagne ya arusi ya mutoto yangu! Ulimulipa ngapi huyu mwizi? Toa!"

Wigi likainama polepole.

"Ni miye, Mama."

Wanangu, maegesho yale yana magari elfu mbili, na yote yalinyamaza. Hata gari la aiskrimu lilikosa nota. Vidole vya mama havikuachia kitambaa, ila uso ulipanda taratibu, ukapita shanga, ukapita kidevu kilichopakwa poda, ukafika kwenye macho. Nilijitayarisha kwa kofi, na nilikuwa sijui litanipata mimi au yeye. Kisha macho yakarudi chini kwenye kitambaa, kama mtu anayetafuta mahali pa kuyaweka, na hapo akakutana na kosa langu la pili.

"Fundi," akasema. "Ndege zinaangalia chini."

Kweli. Kitenge chenye picha kina kichwa na miguu, na ukikata kwa haraka unaweza kukisimamisha kwa kichwa. Ndege wote wa ubavu wa kushoto walikuwa wanapiga mbizi kuelekea lami.

"Hii ni nguo ya arusi ao ya matanga? Mutoto atatoka kwa sinema, dunia yote inaona, na ndege zetu zinaanguka? Hapana. Hakuna kupiga picha. Geuza!"

Dairekta alikuja na karoti yake akiuliza tatizo ni nini. Nikamweleza. Alimtazama mama, akawatazama ndege, akasema picha ya kwanza itafutwa na tuna dakika arobaini.

Gauni haliwezi kuvuliwa na kuvaliwa upya kwa dakika arobaini. Ukifungua koseti umeua mchana. Lazima kufumua likiwa mwilini. Na kufumua mwilini kunataka mtu wa kushika kitambaa kikaze, wakati fundi yuko chini na sindano. Nilitazama kulia na kushoto. Mikono iliyokuwapo ilikuwa ya Mama Grâce, na tayari ilikuwa imeshika. Basi mama akabaki amesimama, mikono miwili kwenye hipsi ya mwanawe, mimi nimepiga magoti katikati yao, na hakuna anayeweza kuondoka bila nguo kuporomoka.

Dakika kumi za kwanza nilifumua ubavu wa kushoto.

"Umenenepa," mama akasema.

"Ni sponji, Mama."

Akaibonyeza. Akaibonyeza tena. "Na hii nywele? Inakufanya kama tante yako wa Kalemie."

"Njo yeye mwenyewe nilimuiga."

Kisha Espoir, bila kusogeza kiuno, maana nilikuwa na sindano pale, akageuza shingo na kuvuta midomo namna fulani, akasema kwa sauti ya puani, "Minasema tu, mi siyo mutu wa maneno." Sijawahi kumwona shangazi yule, lakini kutoka siku ile namjua. Mama alipiga kelele ya kicheko, kelele moja, akaimeza. Espoir akaendelea: shangazi anakataa chakula, shangazi anakula chakula, shangazi anabeba kilichobaki. Mama akaanza kutikisika, na akitikisika yeye, gauni linatikisika, na mimi najichoma. Nilijichoma mara sitini na tatu. Damu yangu imo kwenye filamu ile mpaka leo.

"Na ile kutembea?" mama akauliza akijifuta machozi kwa bega. "Niliona kwa video. Ile ya kutupa mukono. Ile ni ya nani?"

"Ya kwako, Mama."

"Ya kwangu?" Nilikuwa nimefunga fundo la mwisho wakati huohuo, akaachia kitambaa. "Mi sitembeake hivyo! Ata siku moja!" Akageuka kulifuata toroli lake kwa hasira, mkono wa kulia unarushwa hivi, kiuno kinaitikia hivi, kichwa juu, hatua kwa hatua uleule mwendo wa Malkia Foklifti ambao Sydney nzima ilikuwa inaulipia kuutazama. Watu wote wa filamu, watu arobaini, walifungua midomo. Kisha makofi. Akina mama wa Kilebanoni wakapiga vigelegele. Alisimama katikati ya lami, akatazama mkono wake uliokuwa bado hewani, akaushusha.

Mpiga picha hakuwa amezima kamera. Dairekta alimwomba ruhusa mama auweke mwendo ule kwenye filamu, na akakubali kwa sharti moja, ndege waonekane wakipaa. Yumo sekunde nne. Kule kwenye kumbi watu hucheka sana hapo, na kicheko chenyewe ni cha furaha, hakimwendei kumwumiza mtu. Ile ya mama na mwana kukumbatiana dakika mbili, dairekta mwenyewe aliifuta.

Lakini siku ile kukumbatiana hakukuwapo. Mama alirudi, akasimama mbali kidogo, akasema akitazama gari la aiskrimu, "Siku ya posho, saa nne asubui. Bila hiyo nywele." Siku ya posho ni Jumamosi.

Espoir akauliza, "Nivae nini?"

Mama akanigeukia. "Fundi. Ilibaki kitambaa ngapi?"

Hapo ndipo nilipojua uzito wa mkasi wangu. Hakuna kilichobaki. Chote kilikuwa ubavuni mwa gauni, na nguo ikishapigwa picha haiguswi mpaka filamu iishe. Ukikata hata uzi, sehemu ya kwanza haitafanana na ya mwisho. Nilimweleza hivyo, nimepiga magoti bado. Sijawahi kumwona mtu akinitazama vile. Duka kilikonunuliwa kitenge kile lilikuwa na bunda moja tu, na ndilo hilo. Kwa hiyo huyu mwanawe ataingia ukumbini na suti ya mgeni, watu watahesabu waliovaa ndege, watamwacha nje ya hesabu. Na aliyefanya hivyo si mama, safari hii. Ni mimi.

"Nimesikia," akasema, akachukua majani yake ya mihogo akaenda.

Ijumaa asubuhi alikuja gerejini na kifurushi kilichopigwa pasi. Yadi mbili kamili za ndege wa buluu. "Shona shati," akasema. "Mikono mifupi. Usiulize mambo." Nilipokitandaza mezani niliona pindo, na pindo lile ni langu; mkono wa fundi hauwezi kujisahau. Nilikuwa nimelishona mwenyewe wiki iliyotangulia. Kilikuwa kilemba chake.

Ninyi wa siku hizi labda hamjui uzito wake. Mama wa bibi harusi kuingia ukumbini bila kilemba, mbele ya kanisa zima na wakwe, ni kama bwana harusi kuingia bila suruali. Nilifungua mdomo, nikakumbuka nimeambiwa nini, nikaufunga. Nilikata shati lile kwa mkono uliotulia kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Ndege wote, mbele, nyuma na mifukoni, niliwasimamisha wakipaa. Na vipande vidogo vilivyobaki, hata cha ukubwa wa kucha, nilivitia kwenye bahasha nikamrudishia mwenyewe.

Jumamosi mimi na Bi Zaina tulikaa meza ya tatu. Sitawaambia kila mtu alifurahi. Mjomba mmoja aligeuza kiti akatazama ukuta mpaka wali ulipoletwa; wali ulimgeuza. Lakini muziki ulipoanza na familia ikaingia ikicheza kwa mstari, ndege wa buluu wawili wawili, Espoir alikuwa mbele ya mama yake, shati limemkaa kama amezaliwa nalo, na mama nyuma, kichwa wazi, mvi zake zimesukwa mistari sita, mkono wa kulia unarushwa vilevile anavyokataa kuwa anaurusha.

Mama mmoja wa kanisani aliinuka mezani kwetu, akamshika mkono akipita. "Mama Grâce, jamani! Kilemba yako iko wapi?"

Mama Grâce hakuacha kucheza. Alinyoosha kidole mbele, kwenye mgongo wa mwanawe.

"Si ile kule," akasema, "inacheza."